Mahali Alipokaa Mbwa Wangu

Watu wa Bariadi wa rika langu wakinikumbuka, wananikumbuka kwa mbwa. Nimelima pamba, nimelinda ghala, nimeuza saruji na mabati, lakini hayo hakuna anayeyaulizia. Wanamkumbuka mbwa jike mwekundu, sikio moja limesimama na jingine limelala, na mimi nyuma yake nimeshika kamba kama mtu anayepelekwa kituoni. Halafu mmoja wao atasema, kwa kunionea huruma, kwamba yule mbwa alikuwa mzuri sana ila siku moja alikosea. Mimi huwa nanyamaza. Nimenyamaza miaka mingi mno, na kunyamaza kwenyewe kumenichosha. Mbwa hakukosea. Aliyekosea ni mimi, na nililijua kosa langu siku ileile, nikiwa bado nimesimama palepale.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi hawaijui. Niliajiriwa serikalini nikiwa kijana, katika kitengo cha mbwa, mji wa mbali na kwetu. Mbwa wetu walikuwa wa kulinda na wa kufuata nyayo za wezi. Siku moja akaletwa mkufunzi mgeni, mzee mwembamba asiyecheka, akakaa nasi miezi mitatu kutufundisha jambo ambalo hatukuwahi kulisikia: mbwa wa kutafuta maiti. Aliyezama, aliyefukiwa na kifusi, aliyepotelea porini akafia huko. Wenzangu wengi waliona kinyaa, na wengine walisema ni kujitafutia mikosi. Mimi niliipenda kazi ile. Niliona ni jambo la heshima kumrudisha mtu kwa watu wake wakamzika, wakakaa matanga yao, wakalala.

Kumfundisha mbwa wa namna hiyo si uchawi. Unachukua pamba au kitambaa kilicholala na maiti mochwari, unakitia kwenye kikopo chenye matundu, unakwenda kukificha. Mbwa akikipata unampa kitu anachokipenda. Unarudia kesho na keshokutwa, wiki na miezi, mpaka harufu ile aitafute mwenyewe bila kubembelezwa. Akiipata hatakiwi kubweka wala kufukua, anakaa tu kitako na kutulia. Hapo unajua.

Mkufunzi alikuwa na sheria mbili alizozirudia mpaka zikatuchosha. Ya kwanza, anayeficha kikopo asiwe yule anayemwongoza mbwa, kwa sababu ukijua kilipo, mwili wako utamwambia mbwa hata kama mdomo umeufunga. Ya pili, mikono nyuma. Alisema mbwa anaiona mikono yetu kuliko tunavyoiona wenyewe. Akigeuka tu tulikuwa tunacheka na kutembea mikono nyuma, matumbo mbele, tukijifanya wakaguzi wa shule.

Kisha zikaja zile nyakati za kupunguza watu. Kila ofisi ilikuwa na orodha ukutani, na watu wazima walikuwa wanaisoma kwa kidole kama watoto wa darasa la kwanza. Jina langu lilikuwa upande wa wanaoondoka. Niliondoka na sanduku la bati, redio, na kijibwa cha miezi miwili ambacho hakuna aliyekitaka, kwa kuwa mama yake alikuwa mbwa wa kazi lakini baba yake alikuwa mbwa wa mtaani aliyeruka ua. Nilikibeba kwenye kapu mpaka nyumbani. Watu kwenye basi walinicheka sana, mtu mzima anarudi toka mjini amebeba mbwa.

Bariadi niliyoikuta haikuwa ile niliyoiacha. Wakati huo bado tulikuwa Mkoa wa Shinyanga, wilaya ya mbali, lakini maduka yalikuwa yameota kila kona, mitumba imetandazwa chini mpaka njiani, na ukimuuliza mtu lolote anakujibu ruksa. Chama cha ushirika kilikuwa kinasinzia. Pamba ilianza kununuliwa na makampuni ya watu binafsi, kila moja na mizani yake chini ya turubai lake. Mimi nikapata kibarua cha ulinzi kwenye kiwanda cha mtu mmoja cha kuchambua pamba, na huko ndiko yule mbwa alikokulia, kati ya marobota na vumbi la pamba lililomfanya apige chafya mchana kutwa.

Niliamua kumfundisha ile kazi. Hakuna aliyeniagiza. Labda nilitaka kuonyesha kwamba walionipunguza walimpunguza mtu asiyestahili kupunguzwa, na nadhani hilo lilikuwa na nguvu kuliko huruma yoyote kwa wafu wa watu. Mhudumu mmoja wa mochwari, sitasema ya wapi, alikuwa akinipa pamba nikimwomba, na mimi nilikuwa naiweka kwenye kopo la maziwa ya unga nililolitoboa kwa msumari.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kanisani, mpole kwa kila jambo isipokuwa kopo lile. "Hicho kitu chako," aliniambia, "kikivuka kizingiti cha jiko langu, wewe na mbwa wako mtapika wenyewe." Nilimbembeleza anifichie tu, mara mbili kwa wiki, shambani nyuma ya nyumba. Nilimweleza sheria ya mkufunzi, kwamba mimi sitakiwi kujua lilipo. Aliweka kalamu chini. "Nifukie harufu ya maiti ya mtu nisiyemjua kwenye matuta yangu, halafu nile mahindi yake?" Akaendelea kusahihisha madaftari. Majirani nao ndiyo usiseme. Kwetu mtu anayechezea vitu vya maiti hafikiriwi vizuri, na mimi sikutaka maneno ya namna hiyo yanianze.

Basi nikawa naficha mwenyewe. Nalizika kopo asubuhi, nakwenda kazini, jioni narudi na mbwa kukitafuta kitu ninachojua kabisa kilipo. Zawadi yake ilikuwa dagaa wakavu wa Lamadi. Niliwaweka mfuko wa kulia wa suruali, na suruali zangu zote zilinuka mpaka mke wangu akawa anazifua mbali na nguo nyingine. Tulikuwa tunazunguka shamba, tukikaribia tuta lenye kopo, mbwa anakaa, nami natoa dagaa. Kila siku alipata. Nilimwona ni hodari kuliko mbwa wote niliowahi kuwashika serikalini, na nilimwambia hivyo kila mtu aliyekubali kusimama anisikilize.

Pale kiwandani nilikuwa na mlinzi mwenzangu, mzee aliyechunga ng'ombe maisha yake yote kabla ya kuja kukaa getini. Siku moja alikaa juu ya robota akatuangalia tukifanya mazoezi uani. Tulipomaliza akaniita.

"Bwana mkubwa," akasema, "huyu hanusi. Anakuangalia mkono. Mkono ukisogea mfukoni, anakaa."

Nilikasirika. Nilimwambia yeye ni mtu wa ng'ombe, aniachie mimi mbwa. Alicheka tu, akasema haya, mwenye mbwa ni wewe. Ningeweza kupima jioni ileile. Ilikuwa kazi ya dakika tano: nimpitishe mahali pasipo na kitu, niutie mkono mfukoni, nione. Sikupima. Nilijiambia nimechoka, na kesho yake nikajiambia sina nafasi. Ukweli ni kwamba niliogopa jibu, na kila nikikumbuka najiona mjinga, maana jibu lingenigharimu aibu ndogo tu, ya mimi na mzee mmoja.

Kilichonimaliza ni sifa. Mzee fulani alipotea upande wa Nyashimo, akili yake ilikuwa imeshachoka, akatoka nyumbani na fimbo asirudi. Siku ya sita wakaniita, nikaenda na mbwa, na kabla ya saa sita mchana akakaa mbele ya kichaka, na mzee alikuwa mle. Habari ilifika Bariadi kabla yetu. Leo nasema kweli: siku ile hata mimi niliisikia ile harufu kabla hatujakifikia kichaka, na yeyote mwenye pua angempata. Lakini nilitembea mjini nimebinua kifua wiki nzima. Wanawake sokoni walinipa vichwa vya samaki kwa ajili ya mbwa bila kuniuliza.

Ndipo ukaja mwaka wa mvua nyingi, mvua zilizovunja madaraja na kufanya majaruba ya mpunga yaonekane ziwa moja. Katika kijiji kimoja kati ya Bariadi na Maswa, ng'ambo ya mto Simiyu, kulikuwa na mama mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume. Mtoto nasema, lakini alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, ana mke na watoto wawili, mkulima wa pamba. Pamba yake ilikuwa imeingiwa na wadudu. Zamani dawa ya pamba ililetwa na ushirika mpaka kijijini, ukaipokea umevaa kandambili. Sasa ushirika haukuwa na kitu, na kila mtu alijitafutia dawa yake madukani mjini. Akapanda baiskeli akaja Bariadi kununua dawa. Wakati anarudi, mto ulikuwa umejaa. Walimwona mara ya mwisho akiwa ukingoni, baiskeli begani. Kesho yake baiskeli ikaonekana imenasa kwenye mizizi, na boksi la dawa limelowa, chupa zimo.

Yowe lilipigwa, sungusungu, walinzi wa kijiji, wakatoka. Kwetu yowe likipigwa hakuna mwanaume anayebaki nyumbani, ukibaki utajieleza. Walitafuta siku tatu kando zote mbili, kuanzia kivukoni kwenda chini. Siku ya tatu jioni wakamtuma mtu Bariadi kunifuata.

Nilifika asubuhi na mbwa wangu. Watu kama arobaini walikuwa wamekusanyika, wamechoka, matope mpaka magotini. Mama wa yule mtu alikuwa katikati yao, mwembamba, khanga imefungwa kiunoni tayari kutembea. Aliniamkia yeye kwanza, "Mwangaluka," nami nikamwitikia kwa kuinama, nikamwita mayu, yaani mama. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akafungua kitambaa akatoa michembe, vile viazi vikavu, akamwekea mbwa chini. Kwetu mbwa halishwi na mgeni, na mwanamke mzima hainamii mbwa.

"Ale," akasema. "Asimtafute mwanangu na njaa."

Halafu akanishika mkono, akaniambia maneno niliyonayo mpaka leo. "Ng'wana wane, mwanangu, mimi sikukuita unitafutie maiti. Nimekuita kwa sababu hawa watu wamechoka na palizi imewabana. Wameniambia mbwa wako anamjua aliyekufa tu. Basi asipokaa mahali popote, maana yake mtoto wangu yupo hai, nao watanitafutia mpaka mwisho. Kamanda amekubali hivyo mbele ya watu wote."

Kamanda wa sungusungu, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, akatikisa kichwa kukubali. Ndivyo ilivyokuwa. Wote tulielewa. Mbwa wangu akipita bila kukaa, watu wataendelea. Akikaa, basi.

Tukaanza. Nilimwongoza mbwa mbele, watu nyuma yetu kwa mbali kama nilivyowaagiza, na yule mama alikataa kukaa nyuma, akawa anatembea hatua chache tu kutoka kwangu. Tulipita kichaka kwa kichaka, kila mahali maji yaliporundika miti na majani. Mbwa alinusa, akapita. Kila alipopita nilisikia yule mama akishusha pumzi. Saa nne, saa tano, mbwa anapita. Mimi mwenyewe nilianza kufurahi. Sijui kama kuna siku nyingine niliyofurahi kwa mbwa wangu kutopata kitu.

Mbele yetu ilibaki sehemu moja ambayo haijapitiwa vizuri. Mto unapinda pale, na ng'ambo ya kona kuna vichaka vizito vya miiba ambavyo maji yalikuwa yamevizunguka. Kamanda alisema tukimaliza upande wetu tutatafuta pa kuvukia, twende kule. Lilikuwa jua la utosi. Tulifika kwenye mchanga, eneo pana lililoachwa na mafuriko, nikasimama kuvuta pumzi.

Nilikuwa na njaa. Nilitoka Bariadi bila kula. Na katika mfuko wa suruali yangu kulikuwa na dagaa. Sikufikiria lolote, nataka hilo lieleweke, sikumfikiria mbwa wala maiti wala mtu. Niliutia mkono mfukoni nitafune kidogo.

Mbwa akakaa.

Alikaa pale kwenye mchanga mtupu, akanitazama, akitingisha mkia taratibu, akisubiri haki yake. Mkono wangu bado ulikuwa mfukoni. Niliyaona macho yake, nikauona mkono wangu, na maneno ya yule mzee wa getini yakaniingia yote kwa mkupuo mmoja. Nilielewa. Sitaki mtu anitetee kwamba sikuelewa. Nilikuwa nafungua mdomo niseme hapana, hapa hakuna kitu, ni mimi.

Lakini yule mama alikuwa hatua tatu nyuma yangu, naye alikuwa amemwona mbwa. Akapiga ukunga. Ukunga mmoja mrefu, akaanguka kwenye mchanga, na wale walio nyuma waliposikia wakajua. Wanawake waliokuwa wanatufuata kwa mbali wakapokea. Wanaume wakavua kofia. Muda si muda bonde lote lilikuwa kilio.

Kwetu mama akishalia msiba wa mwanawe, nani mwenye kifua cha kumwendea amwambie nyamaza, bado? Hilo ndilo nililojiambia. Nilijiambia pia kwamba huenda mbwa yuko sahihi, huenda yupo kweli chini ya mchanga, na dagaa ni bahati tu. Nikajiambia hakuna anayepona maji yale, siku ya nne hii. Nilijiambia mambo mengi ndani ya muda mfupi sana, na yote yalikuwa ya kunifunika mimi nisionekane mjinga mbele ya watu arobaini walionikubali. Kamanda akanisogelea akauliza kwa sauti yake ndogo, "Ni hapa?"

Nikasema, "Mbwa amekaa."

Huo ndio ujanja nilioutumia. Sikusema yupo. Nilisema mbwa amekaa, kitu ambacho kila mtu alikiona, nikawaachia wao mengine yote. Wakachimba. Walichimba mchanga mpaka ukaanza kutoa maji, mashimo yakabomoka, wakachimba tena pembeni. Hawakupata kitu. Kamanda akasema mto umemshusha chini zaidi, hatutamfikia mpaka ukauke. Akawaruhusu watu. Waliondoka haraka, na siwalaumu, magugu yalikuwa yamewafunika mashamba. Hakuna aliyevuka kwenda ng'ambo ya kona.

Nilikaa msibani siku mbili. Walichimba kaburi kando ya nyumba, wakalaza humo koti lake na kofia yake, katekista akaomba. Mke wake alinyolewa nywele. Mimi nilipewa kiti cha mbele pamoja na wazee, na mbwa wangu akapewa mifupa, na kila mtu aliyepita alinipa mkono wa shukrani. Yule mama alikaa ndani kwenye mkeka. Nilisikia akiwaambia wanawake kwamba afadhali amejua.

Kama siku nane baadaye, wanaume wawili waliokuwa wanatafuta ng'ombe aliyepotea walivuka mto, maji yakiwa yameshapungua, wakaingia kwenye vile vichaka ng'ambo ya kona. Walimkuta amelala chini ya mti wa miiba. Nilifuatwa nami nikaenda, bila mbwa.

Mguu wake mmoja ulikuwa umevunjika chini ya goti. Na ulikuwa umefungwa. Alikuwa amechana shati lake vipande vipande, akatafuta vijiti viwili vilivyonyooka, akaufunga mguu vizuri kabisa, mafundo manne. Alikuwa amejivutia matawi juu yake yamzuie jua. Kulikuwa na njia kwenye matope, alimokuwa akijikokota kwenda kunywa maji na kurudi, na njia ile ilikuwa imekanyagika, ya kwenda na kurudi mara nyingi. Mganga wa zahanati alimchunguza, kisha akamvuta kamanda pembeni. Nilikuwa karibu, nilisikia. Alisema huyu mtu hana zaidi ya siku mbili au tatu tangu afariki.

Nikahesabu, na kila mtu pale alihesabu. Hakuna aliyesema namba.

Wakati wanamtengeneza wambebe, mimi nilisogea mpaka ukingoni. Upande wa pili, juu kidogo, niliuona ule mchanga wenye mashimo yetu. Mtu mmoja alikuwa amebaki kule na baiskeli, akakohoa, na kikohozi chake kilinifikia waziwazi. Basi kilio cha mama yake kilimfikia. Alilala pale na mguu wake alioufunga vizuri, akasikia mama yake akimlilia, na wanawake wakipokea, na labda alisikia majembe. Labda aliita. Kwa kelele zile, nani angemsikia? Mpaka leo nikiwa peke yangu huwa najaribu kufikiri alisema nini kule, na nashindwa, naishia kutoka nje nikatafute mtu wa kuongea naye habari za mvua.

Kamanda alinijia akasema, bila ukali, "Mbwa wako alitudanganya."

Nikamjibu, "Mbwa ni mbwa."

Maneno matatu. Nimesema uongo mwingine maishani, wa kawaida, wa kila mtu, lakini huo ndio ninaoujutia. Kuanzia siku hiyo ikawa hadithi ya mbwa. Watu walisema mbwa ana siku zake, wengine wakasema ni chotara, ungetegemea nini. Sikumfanyisha kazi tena. Aliishi miaka kadhaa mlangoni kwangu, akizeeka, na kila nikipita alikuwa ananifuata kwa macho. Alipokufa nilimzika mwenyewe na nililia, mke wangu akanikuta.

Mke wangu ndiye mtu pekee niliyemweleza kabla ya leo. Nilimweleza wiki ileile ya mazishi ya pili. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nenda kamwambie mama wa watu." Nikasema nitakwenda mvua ikiisha. Mvua ikaisha, nikasema nitakwenda baada ya mavuno. Alinikumbusha mara mbili, mara ya tatu hakunikumbusha tena, na hilo lilinifanya niwe mkali kwake kwa mambo ya bure, chumvi na chai.

Sikuwahi kwenda. Alikuja yeye.

Ilikuwa msimu wa kuuza pamba, malori mjini kila upande, saa tatu asubuhi. Nilimwona anaingia uani kwa miguu, amepungua mno, ametembea toka kijijini kwao alfajiri. Nilidhani amekuja kunidai mwanawe, na sehemu fulani ya moyo wangu ilishukuru, maana kama angeuliza, ningesema. Mke wangu alimpa kigoda na chai ya maziwa, akarudi kusimama kwenye mlango wa jiko. Akanitazama, nikajua anachoniambia.

Yule mama alikunywa chai yote kwanza. Kisha akaweka kikombe chini, akasema amekuja kwa ajili ya jina langu.

"Wanasema mbwa wako mwongo," akasema. "Nimewaambia si kweli, hawanisikii. Wewe siku ile ulikuwa hujasema neno. Mbwa alikaa tu. Labda alichoka, mbwa naye anachoka. Mimi ndiye niliyelia kabla hujafungua mdomo. Ningenyamaza, wewe ungesema bado, na wale watu wangevuka." Akajipangusa mdomo kwa pindo la khanga. "Nilimlilia mwanangu yu hai. Nilimzika kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimeungama kanisani, padri ameniambia Mungu amenisamehe. Mwanangu siwezi kumwuliza. Lakini wewe upo, na wewe nilikuharibia kazi yako. Nimekuja unisamehe."

Nilikuwa na kila kitu cha kusema. Kilikuwa kifupi, hakikuzidi maneno kumi. Angenichukia, na angerudi nyumbani kwake mwepesi. Niliyaona yote mawili wazi kabisa, nikamwona na mke wangu mlangoni, hajasogea, mwiko uko mkononi.

Nikamwambia, "Nimekusamehe, mayu."

Akapiga magoti kunishukuru, mimi niliyekuwa sawa na mwanawe. Kisha akaomba maji ya kunywa, maana jua lilikuwa limeshapanda na alikuwa na safari ndefu.